Asimov, Butler, Chiang au Okorafor: Ubebe Kipi Safari ya Nakuru hadi Kisumu?

Mpwa wangu anasoma chuo kule Njoro. Muhula ukifungwa hupitia kwangu Nakuru, analala usiku mmoja, na asubuhi anapanda matatu ya Kisumu akiwa na kitabu kimoja kutoka rafu yangu. Kimoja tu. Nilipokuwa namruhusu viwili, havikurudi. Mwezi wa nne alisimama mbele ya rafu karibu nusu saa, ameshika vinne vya hadithi fupi za kubuni za kisayansi, mkoba tayari mgongoni, chai inapoa mezani. Mwishowe akageuka: "Mjomba, si wewe umevisoma vyote? Niambie basi kipi ni kizuri."

Sikumjibu upesi. Vyote vinne ni vizuri, na kila kimoja nimewahi kumwazima mtu akanirudishia baada ya siku mbili bila kukimaliza. Kwa hiyo tuliketi tena, chai ikapashwa moto, tukaanza kuvipima. Haya ndiyo tuliyoyasema, pamoja na machache niliyoyakumbuka matatu yake ilipokwisha kuondoka.

Tunapima nini

Riwaya ukiianza umejifunga, utafuata njia moja hadi mwisho. Mkusanyiko wa hadithi fupi unaufungua popote unapotaka, na ndiyo maana haufai kuchaguliwa kwa jina la mwandishi pekee. Uliza utausoma wapi, una muda gani, na siku hizo moyo wako uko vipi. Waliosoma *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine* shuleni wanajua: hadithi moja unaikumbuka miaka kumi, ya pili huikumbuki hata ulipotoka chumba cha mtihani.

Tulitumia mambo matano: urefu wa hadithi, Kiingereza chake (vyote vinne viliandikwa kwa Kiingereza), sayansi iliyomo, kile kinachobaki moyoni, na hadithi ya kuanzia. Tuzo hatukuzitia kwenye mizani. Butler na Chiang wameshinda Hugo na Nebula, tuzo kubwa za hadithi za kisayansi, kwa hadithi zilizomo humu, na bado nawajua watu walioviacha vitabu vyao ukurasa wa thelathini.

Na kabla hujauliza mbona hakuna cha Kiswahili: *Walenisi* ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, ina chombo cha angani na ulimwengu mwingine kabisa, lakini ni riwaya. Hapa tunapima hadithi fupi.

Vitabu vyenyewe

*I, Robot* ya Isaac Asimov ilitoka 1950. Ni hadithi tisa alizozichapisha majaridani kuanzia 1940, kisha akazifunga pamoja kwa mahojiano ya Dkt. Susan Calvin, mtaalamu wa saikolojia ya roboti ambaye sasa amezeeka. Usidanganywe na filamu ya 2004 yenye jina hilo. Ilichukua jina na zile sheria tatu za roboti, kisa ni kingine.

*Bloodchild and Other Stories* ya Octavia Butler ni ya 1995: hadithi tano na makala mbili kuhusu kazi ya uandishi. Toleo la 2005 limeongezewa hadithi mbili, kwa hiyo ukikipata cha mtumba angalia ni toleo gani. Kila hadithi inafuatwa na maneno machache ya Butler mwenyewe akieleza ilikotoka. Mimi maelezo hayo nayapenda karibu sawa na hadithi.

*Stories of Your Life and Others* ya Ted Chiang, 2002, ina hadithi nane. Chiang huandika kidogo sana. Nane hizo zilimchukua zaidi ya miaka kumi, toka ile ya kwanza ya 1990, naye mwishoni ameweka maelezo ya chanzo cha kila moja.

*Kabu Kabu* ya Nnedi Okorafor, aliyezaliwa Marekani kwa wazazi Wanigeria, ni ya 2013 na ina hadithi 21. Kabu kabu kwa Wanigeria ni teksi isiyosajiliwa. Kwetu huku magharibi ungesema gari la Probox: ya watu watano, imebeba kumi.

Urefu: hadithi moja ni vituo vingapi

Safari ya Nakuru hadi Kisumu ni saa nne hivi, ukipata dereva mwenye akili. Mimi hupima hadithi kwa barabara hiyo.

Okorafor ana vijihadithi vya kurasa chache ambavyo unavimaliza matatu ingali stendi inasubiri abiria wawili wa mwisho. Nyingi za Asimov zinaanza Nakuru na kuisha Sachang'wan au Mau Summit, kama malori hayajafunga barabara pale Salgaa. Butler pia yuko hapo hapo, ila usishangae ukikaa na kitabu kimefungwa mapajani hadi Kericho.

Chiang ndiye mwenye tatizo. Ana hadithi moja ya kurasa tatu nne, iliyotoka kwanza katika jarida la kisayansi la *Nature*, lakini ile iliyokipa kitabu jina ni karibu riwaya ndogo. Ukiianza Nakuru utaimaliza ukiteremka Awasi, na ukikatizwa katikati itakubidi urudi nyuma. Si kitabu cha kusoma huku konda anakugonga bega akitaka nauli.

Kiingereza chake

Asimov ni mwepesi. Watu wake wanaongea, wanabishana, wanafanya hesabu, na mwandishi hana haraka ya kujionyesha. Mwanafunzi wa kidato cha pili anamsoma. Butler naye sentensi zake ni fupi na safi. Ugumu wake uko katika kile ambacho hakuambii, maana anakutupa ndani ya ulimwengu wake bila kukueleza nani ni nani, ujitafutie.

Okorafor anachanganya Kiingereza na pijini na maneno ya Kiigbo, na msomaji wa Kisumu hatapata shida sana. Sisi ni nani wa kulalamika kuhusu lugha kuchanganywa?

Nakala yangu ya Chiang niliinunua Kibuye, sokoni Kisumu, siku ya Jumapili, imelazwa kwenye gunia kati ya kamusi isiyo na jalada na vitabu vya uhasibu. Mwenyewe wa kwanza alipiga mstari mwekundu chini ya kila neno asilolijua. Mistari ni mingi hadi ukurasa wa kumi na mbili, kisha hakuna hata mmoja hadi mwisho. Sijui kama alizoea au alikata tamaa. Nadhani alikata tamaa, na ni makosa, kwa sababu Chiang haandiki kwa maneno magumu. Anaandika polepole, na mtu aliyezoea kusoma kwa kuruka ruka atadhani hakuna kinachotendeka.

Sayansi iliyomo

Hapa ndipo vitabu hivi vinapoachana kabisa.

Asimov anakupa sheria tatu kisha anazivunja mbele yako bila kuzivunja. Roboti isimdhuru binadamu, wala isikae tu ikimwacha adhurike. Itii amri za binadamu, ila amri isipingane na sheria ya kwanza. Ijilinde, ila isipinge zile mbili. Ukizisikia unasema basi, mambo yamekwisha. Ndipo katika "Runaround", ya 1942, watu wawili walioko sayari ya Utaridi wanaituma roboti yao ikalete madini ya seleni, na roboti hairudi. Wanaikuta inazunguka lile ziwa la madini kama mlevi. Kumbe amri ilitolewa kwa ulegevu, bila mkazo. Roboti nayo ni ya bei ghali, kwa hiyo iliundwa ijilinde kuliko kawaida, na kule kwenye seleni kuna hatari. Ikikaribia, sheria ya tatu inaisukuma nyuma. Ikirudi nyuma, sheria ya pili inaivuta mbele. Inabaki pale nguvu zinaposawazika, inazunguka. Mtu yeyote aliyewahi kupewa kazi na mabosi wawili anaielewa roboti hiyo.

Ukitaka kujua kwa nini kitabu cha mwaka 1950 bado kina kazi, soma "Liar!". Roboti inayosoma mawazo ya watu inaanza kumwambia kila mtu kile anachotamani kusikia, kwa sababu kumuumiza mtu moyo nako ni kumdhuru. Nimewaza hadithi hiyo mara nyingi tangu watu waanze kuzungumza na programu za simu na kuzisifu kwa upole wao.

Sayansi ya Butler ni ya mwili: damu, mayai, magonjwa, kurithi. "The Evening and the Morning and the Night" inahusu ugonjwa wa kurithi uliotokana na dawa iliyotibu ugonjwa mwingine, na vijana wanaojiuliza kama wana haki ya kuoa, kuolewa na kuzaa. Hapa kanda ya ziwa, ambako selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, iko katika nyumba nyingi kwa sababu mwenye jeni moja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria, swali hilo halina ugeni. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha posa ambapo mzee mmoja aliuliza, kwa sauti ya chini, kama vijana wamepimwa. Hakuna aliyemkemea.

Na "Bloodchild" yenyewe? Wanadamu wamehamia sayari ya viumbe wenye umbo la wadudu wakubwa, na viumbe hao hutaga mayai ndani ya miili ya watu, wanaume zaidi. Butler anaeleza kwamba hadithi hiyo ilimsaidia kukabili woga wake wa inzi wa Amerika Kusini ambaye kiluwiluwi chake hukua chini ya ngozi ya mtu. Aliyekulia kijijini huku akachokolewa funza kwa pini ya sindano, nyanya ameushika mguu na hauachii, atasoma hadithi hiyo kwa ngozi yake.

Chiang anachukua wazo moja na kulifuata hadi lifike mwisho wake. Katika "Tower of Babylon" mnara wa Babeli umejengwa kweli, na tofali likipakiwa mkokoteni leo litafika juu baada ya miezi minne. Hakuna uchawi humo, kuna uhandisi tu wa dunia ambayo mbingu yake ni paa. Katika "Story of Your Life" mwanaisimu anajifunza lugha ya viumbe wenye miguu saba. Fizikia yake inaanzia kwenye jambo ulilolishuhudia Dunga, kule ufuoni Kisumu: mwanga ukiingia majini hupinda, ndiyo maana pondo la mvuvi huonekana limevunjika. Ukiutazama kwa namna nyingine, ni kana kwamba mwanga ulijua unakokwenda, ukachagua njia ya kufika mapema zaidi. Viumbe hao huandika hivyo hivyo. Mstari wa kwanza wa kalamu unapita ndani ya sehemu kadhaa za sentensi, kwa hiyo mwandishi lazima aijue yote kabla hajaanza. Wasomaji wa Kiingereza hustaajabia hilo sana. Sisi tukishasema "vile vya...", hata kabla hatujataja ni nini, ngeli imekwisha kuamua nusu ya maneno yatakayofuata.

Okorafor ndiye mwenye sayansi chache zaidi, na ni haki kulisema. Hadithi zake nyingi zina watu wanaoruka, mizimu na majini, si maabara. Lakini "Spider the Artist" ni sayansi tupu. Mwanamke anayepigwa na mumewe hutoka nje usiku akaketi na gitaa kando ya bomba la mafuta linalopita nyuma ya nyumba, huko Delta ya Niger, na mashine ya umbo la buibui iliyowekwa kulinda bomba hilo, inayoua wanaoligusa, inakuja kumsikiliza. Bomba letu nalo linapita Nakuru kuja Kisumu. Na sisi tulioishi Nakuru mwaka 2009 hatujasahau Sachang'wan, lori la mafuta lilipopinduka, watu wakakimbia na mitungi, na zaidi ya mia moja wakafa motoni. Sikuweza kuisoma hadithi hiyo kama kisa cha Nigeria.

Kinachobaki moyoni

Asimov anakuacha umetulia. Kulikuwa na fumbo, limefumbuliwa. Watu wake ni wepesi kama karatasi, wanawake ni wa kuhesabu, na hata Dkt. Calvin, mwenye akili kuwapita wote, amepewa hadithi moja ya mapenzi inayoniudhi hadi leo. Lakini utalala usingizi mzuri.

Chiang anakuacha unafikiri, wakati mwingine kwa ubaridi. "Division by Zero" ni ya mtu aliye tayari kuumizwa na hesabu. "Hell Is the Absence of God" inahitaji onyo, hasa kwa watu wetu wa ibada. Malaika wanashuka duniani kama dhoruba, mmoja anaponywa na jirani yake anakufa, na mume aliyefiwa na mkewe anajua kwamba asipompenda Mungu hatamwona mkewe tena. Nimewahi kuwaazima wazee wawili wa kanisa. Mmoja alisema ni kufuru. Wa pili aliisoma mara mbili, akaniambia ni mahubiri makali kuliko yote aliyoyasikia.

Okorafor anakuacha na sauti na rangi. Hadithi zake hazilingani, baadhi ni kama picha iliyoachwa bila kumalizwa, ila ukizisoma kwa sauti watoto watakaa chini wasikilize.

Butler anauma. "Speech Sounds" inaanza kwa vurugu ndani ya basi Los Angeles, baada ya ugonjwa kuwanyang'anya watu usemi, au kusoma, au vyote viwili. Watu hawawezi kuelezana, kwa hiyo kumtazama mtu vibaya kunatosha kuleta ngumi. Butler alipata wazo hilo baada ya kushuhudia mapigano ndani ya basi. Nilikuwa naisoma mara ya pili, kiti cha nyuma, tulipofika Kericho, konda na abiria mmoja wakaanza kuvutana kuhusu shilingi hamsini ya chenji. Abiria alikuwa bubu. Alionyesha noti aliyotoa kwa vidole, mara mbili, mara tatu, na konda akazidi kupandisha sauti kana kwamba sauti ndiyo iliyopungua. Mama mmoja muuza nyanya aliinuka, akachukua ile hamsini mkononi mwa konda, akampa mwenyewe. Nilikifunga kitabu hadi Ahero.

Hadithi ya kuanzia

Usianze ukurasa wa kwanza ila kwa Asimov, ambaye amepanga hadithi zake kwa kufuatana na "Robbie", ya msichana na roboti yake yaya, ni mlango mzuri. Kwa Butler anza na "Speech Sounds", uiache "Bloodchild" hata kama ndiyo ya kwanza, ukishamwamini mwandishi ndipo urudi. Kwa Okorafor, "Spider the Artist". Kwa Chiang hadithi ya kwanza, ile ya Babeli, nayo inafaa, ila ukiona mnara unakuchosha rukia "Liking What You See", kuhusu chuo ambako kuna pendekezo kwamba wanafunzi wote wazimwe uwezo wa kuona uzuri wa sura. Imeandikwa kama sauti za watu wanaobishana, na vijana wa siku hizi wenye kuchuja picha zao kabla ya kuzituma watajikuta humo.

Basi ubebe kipi

Kama hujawahi kusoma hadithi za kisayansi na unahofia kuchoka, au nyumbani kuna mdogo wako atakayekunyang'anya kitabu, beba Asimov. Kama unasoma uuguzi, biolojia au sheria, au umechoka na vitabu vinavyokubembeleza, beba Butler, ila usikisome ukila. Mwenye wiki nzima bila kazi, stima ikiwepo au taa ya sola ikiwa imejaa, achukue Chiang. Vilevile mwalimu wa lugha au mtu wa hesabu, na yeyote aliye kwenye kundi la wasomaji wanaopenda kubishana hadi saa nne usiku. Anayetaka Afrika ndani ya hadithi tangu mstari wa kwanza, au anayesoma dakika kumi kumi akisubiri wateja dukani, Okorafor atamfaa kuliko wote, mradi asidai kila hadithi iwe na mashine.

Kama kuna msiba nyumbani, mimi singempa mtu Chiang wala Butler mwezi huo. Labda miezi mitatu baadaye "Story of Your Life", kwa mzazi, na kwa kumwuliza kwanza.

Mpwa wangu alisikiliza yote haya, akanywa chai, akavirudisha vitatu kwenye rafu. Alibeba *I, Robot*, akisema mdogo wake yuko likizo na hatampa nafasi ya kusoma kitabu kingine chochote. Kilirudi mwezi wa tano. Jalada lina alama ya mafuta ya omena, na ndani, juu ya jina langu, kuna jina la yule mdogo kwa peni ya bluu, limepigiwa mstari mara mbili.